Tezi za Adrenali Zinaposhindwa Kazi: Dalili, Vipimo, Dozi na Siku ya Hatari

Mgonjwa anafikishwa hospitali akiwa hoi. Anatapika, tumbo linamuuma, presha ni 80 kwa 50. Kipimo cha malaria hakioneshi kitu. Anatundikiwa dripu, antibayotiki inaanza, presha inapanda kidogo kisha inaporomoka tena. Maji yanaingia mwilini, lakini mishipa ya damu haikazi. Hapo daktari anapaswa kujiuliza kama mwili wa mtu huyu una kotisoli, na ndugu waliomleta wanapaswa kuulizwa jambo wasilolitegemea: miezi ya karibuni amekuwa akimeza, kuchomwa au kupaka dawa gani?

Kotisoli ni homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, kila moja ikiwa na uzito wa takriban gramu 4 hadi 5. Homoni hiyo ikikosekana, mishipa ya damu huacha kuitikia adrenalini, ini hushindwa kutoa sukari ya kutosha mtu akiwa hajala, na figo hushindwa kumwaga maji ya ziada. Kwa hiyo presha, sukari na sodiamu vinaweza kushuka kwa pamoja, na aliyezoea kuvitibu kimoja kimoja hubaki akishangaa kwa nini mgonjwa hapati nafuu.

Watu wengi wakisikia neno adrenali hufikiria adrenalini, homoni ya hofu na mbio. Hiyo hutoka kwenye kiini cha tezi, na mtu anaweza kuishi bila kiini hicho. Gamba la nje ndilo ambalo mtu akilipoteza bila kutibiwa hufa. Gamba hilo lina tabaka tatu. La juu hutoa aldosteroni, inayozuia chumvi isipotelee kwenye mkojo na kuiondoa potasiamu. La kati hutoa kotisoli. La ndani hutoa homoni za jamii ya androjeni, ambazo kwa mwanamke ndizo huotesha nywele za kwapani na za sehemu za siri.

Tezi hizi hazijiamulii zenyewe. Haipothalamasi iliyo ndani ya ubongo huiagiza pituitari, pituitari hutoa homoni iitwayo ACTH, na ACTH ndiyo huliamsha gamba litoe kotisoli. Ikishatosha, kotisoli yenyewe hurudi juu na kuyatuliza maagizo. Kiwango hupanda alfajiri, hufika kilele asubuhi, kisha hushuka taratibu hadi kuwa kidogo sana usiku wa manane. Aldosteroni ina bwana mwingine: huitikia figo, kupitia mfumo wa renini, na haiitegemei sana ACTH. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya wagonjwa hupoteza chumvi na wengine hawapotezi, kwa hiyo tutairudia.

Kasoro inaweza kukaa sehemu tatu

Sehemu ya kwanza ni tezi zenyewe. Daktari Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1855, na jina lake limebaki nao hadi leo. Miongoni mwa wagonjwa 11 aliowaandika, sababu iliyoongoza ilikuwa kifua kikuu kilichozitafuna tezi. Ulaya ya sasa imebadilika. Huko wagonjwa wengi huwa wameshambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe. Afrika Mashariki kifua kikuu hakijaondoka kwenye orodha, na VVU vilivyokomaa vimefungua mlango kwa virusi na fangasi vinavyoweza kukaa ndani ya tezi. Saratani iliyosambaa kutoka mapafuni au kwenye titi nayo huweza kuzijaza. Wakati mwingine tezi huvuja damu ghafla, kama katika maambukizi makali ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo, au kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Uharibifu wa polepole hujificha muda mrefu, maana dalili hazijitokezi wazi hadi sehemu kubwa sana ya gamba iwe imekwisha.

Watoto wachanga wana sababu yao ya kurithi, inayotokana na kimeng'enya cha kutengenezea kotisoli kuwa na hitilafu. Msichana anaweza kuzaliwa na maumbile ya nje yanayowatatiza wakunga, na hilo humwokoa kwa sababu anachunguzwa mapema. Mvulana huonekana mzima, kisha kati ya wiki ya kwanza na ya tatu anaanza kutapika, anakonda, anakauka maji. Akipimwa, sodiamu iko chini na potasiamu iko juu. Mtoto huyu mara nyingi huhesabiwa kuwa ana kuhara au maambukizi ya damu, na wengine hufa kabla ya mtu yeyote kuwazia adrenali.

Sehemu ya pili ni pituitari. Uvimbe, upasuaji au mionzi ya kichwani vinaweza kuizima. Kwa kina mama ipo njia nyingine ambayo wahudumu wa wodi ya wazazi wanapaswa kuikumbuka. Mama akimwaga damu nyingi wakati wa kujifungua na presha ikashuka sana, pituitari, ambayo huwa imekua wakati wa ujauzito, inaweza kukosa damu na kufa. Baada ya hapo maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nywele za kwapani hupukutika, na mama hubaki mchovu asiyestahimili baridi. Miaka inaweza kupita hadi siku anapougua homa ya kawaida na kuanguka. Mama wa aina hii akianzishiwa vidonge vya tezi ya shingo kabla ya steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, anaweza kuingia kwenye hatari papo hapo, kwa sababu homoni hiyo huiharakisha kotisoli kidogo aliyonayo itoke mwilini. Steroidi hutangulia, vidonge vya tezi ya shingo vifuate.

Sehemu ya tatu ni dawa, na hii ndiyo kubwa kuliko zote.

Mwili ukipata steroidi kutoka nje, ubongo haujui kama imetoka kwenye tezi au dukani. Unaona kotisoli imejaa, ACTH inaacha kutoka, na gamba la adrenali lisiloamshwa husinyaa kama msuli wa mguu uliokaa miezi ndani ya plasta. Dawa ikikatwa ghafla, gamba haliamki siku hiyo. Linahitaji wiki, mara nyingi miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka.

Steroidi hizo zina milango mingi. Upo mlango halali: prednisoloni ya pumu, ya lupasi, ya figo, ya mmenyuko wa ukoma, ambao tiba yake huchukua wiki 12 hadi 20 au zaidi. Zipo sindano zinazochomwa kwenye goti au bega, na pampu za pumu zenye dozi kubwa. Mgonjwa anayetumia ARV zenye ritonaviri yuko kwenye hatari ya pekee, kwa kuwa ritonaviri huizuia ini isivunje steroidi. Pampu ya flutikasoni au sindano moja ya triamsinoloni kwenye goti inaweza kubaki mwilini mwake kwa nguvu ambayo daktari hakuikusudia.

Ipo pia milango isiyo halali, na hii inatuumiza zaidi kwa sababu mtumiaji hajui anachotumia. Deksamethasoni huuzwa kama dawa ya kunenepa. Dawa za viungo zinazodaiwa kuwa za mitishamba tupu zimekutwa mara kwa mara, katika nchi nyingi, zikiwa zimetiwa steroidi za kiwandani. Ndiyo sababu maumivu hupoa ndani ya siku moja na kurudi kwa kishindo chupa ikiisha. Na upo mkorogo. Klobetasoli, inayokutwa kwenye krimu nyingi za kung'arisha ngozi, ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Maelekezo yake ya kitabibu husema isizidi gramu 50 kwa wiki, tena kwa wiki 2 tu. Kuupaka mwili mzima wa mtu mzima mara moja huhitaji takriban gramu 20 hadi 30, hivyo siku tatu za kupaka krimu tupu mwili mzima tayari zimeuvuka ukomo wa wiki nzima. Ikichanganywa na losheni inapungua makali, lakini mtu anayepaka kila siku kwa miaka anaendelea kuilisha ngozi yake, na ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba hupitisha dawa nyingi zaidi.

Mtu wa kundi hili huwapotosha wengi kwa sura yake. Mashavu yamejaa, tumbo limetoka, mgongo wa shingo umetuna, anaonekana ana steroidi tele. Ni kweli anazo, lakini za kununua. Zake mwenyewe hazipo.

Dalili, na mahali pa kutazama kwenye ngozi nyeusi

Uchovu usioisha kwa kulala, kukonda, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, maumivu ya tumbo yasiyo na mahali maalumu, kizunguzungu mtu anapoinuka. Kila moja ya dalili hizi ina sababu mia, na ndiyo maana ugonjwa huu huchelewa kugunduliwa. Moja ina uzito wake: hamu kali ya chumvi. Si yule anayefurahia embe bichi kwa chumvi na pilipili kama kila mtu. Huyu analamba chumvi mkavu, au anakunywa maji ya kachumbari, na hawezi kueleza kwa nini.

Tezi zenyewe zikiharibika, ngozi hubadilika rangi. ACTH hukatwa kutoka kwenye protini kubwa ambayo ndani yake kuna pia homoni inayoziamrisha seli za rangi. ACTH ikifurika, ngozi inakolea. Vitabu vingi vya udaktari huonesha picha za wazungu waliogeuka rangi ya shaba, na picha hizo hazitusaidii sana. Kwa mwenye ngozi nyeusi tazama fizi, ulimi na upande wa ndani wa mashavu. Tazama mistari ya viganja, vifundo vya vidole, chuchu, na makovu mapya. Makovu ya zamani hayakolei kama yale yaliyopatikana ugonjwa ukiwa umeanza. Baadhi ya watu wana madoa meusi kwenye fizi tangu utotoni, kwa hiyo linalotafutwa ni mabadiliko. Picha ya kitambulisho ya miaka michache iliyopita, au ndugu wa baba na mama mmoja akisimama pembeni, hujibu swali hilo vizuri.

Kasoro ikiwa kwenye pituitari au imetokana na dawa, ACTH iko chini na ngozi haikolei. Aldosteroni nayo ipo, kwa kuwa figo zinaendelea kuiagiza. Kwa hiyo mgonjwa huyu hatamani chumvi na potasiamu yake haipandi, ingawa sodiamu yake inaweza kushuka. Potasiamu ya kawaida isimhadae mtu akaufuta ugonjwa kwenye orodha yake.

Vipimo

Kipimo cha kuanzia ni kotisoli ya asubuhi, damu ikichukuliwa kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Kikichukuliwa mchana hakina maana, kwa sababu hata mtu mzima wa afya huwa amekwisha kushuka. Chini ya nanomoli 100 kwa lita (takriban mikrogramu 3.6 kwa desilita) upungufu ni karibu hakika. Ikizidi nanomoli 500 (mikrogramu 18) mtu yuko salama. Katikati hapo tezi hupimwa kwa kuamshwa: sindano ya ACTH ya kutengenezwa, mikrogramu 250 kwenye mshipa au msuli, kisha kotisoli hupimwa baada ya dakika 30 na 60. Kwa mashine za zamani kilele kinatakiwa kufika nanomoli 500. Mashine mpya zina mstari wa chini zaidi, kati ya 400 na 450, kwa hiyo ni lazima kuiuliza maabara inatumia njia gani.

Mambo mawili huyapotosha majibu. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini inayoibeba kotisoli, jumla ikaonekana kubwa kuliko hali halisi. Prednisoloni na haidrokotisoni (kotisoli iliyotengenezwa kama dawa) nazo husomwa na mashine kana kwamba ni kotisoli ya mwili, kwa hiyo damu hutolewa angalau saa 24 baada ya kidonge cha mwisho cha prednisoloni, kabla ya kumeza cha siku hiyo.

ACTH iliyozidi mara mbili ya ukomo wa juu, huku kotisoli ikiwa chini, inaelekeza kwenye tezi zenyewe. Hapo tafuta kifua kikuu na VVU, na piga picha ya CT ya tumbo. ACTH ya chini au ya kawaida inaelekeza kichwani au kwenye dawa.

Neno moja kuhusu "uchovu wa adrenali" unaouziwa watu mitandaoni pamoja na virutubisho vyake. Utambuzi huo haupo katika tiba ya homoni. Baadhi ya vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo vimekutwa na steroidi ndani yake, na hivyo vinaweza kuuleta ugonjwa halisi ambao mtu hakuwa nao.

Dozi ya kila siku

Lengo ni kurudisha kile ambacho tezi ingetoa, kisizidi. Kwa mtu mzima ni haidrokotisoni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, iliyogawanywa mara mbili au tatu: kwa mfano 10 mara tu anapoamka saa 12 asubuhi, 5 saa 6 mchana, na 5 au 2.5 saa 10 jioni. Haidrokotisoni huisha mwilini haraka, hivyo kuimeza yote asubuhi kunamwacha mtu mtupu kufikia jioni. Kuimeza usiku kunaharibu usingizi. Mtoto hupimiwa kwa eneo la mwili, takriban miligramu 8 kwa mita ya mraba kwa siku, na 10 hadi 15 kwa wale wenye ugonjwa wa kurithi tuliousema.

Vidonge vya haidrokotisoni na fludrokotisoni (dawa inayoshika nafasi ya aldosteroni) vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kwenye maduka mengi ya dawa ya kwetu kinachopatikana kwa urahisi ni prednisoloni ya miligramu 5. Inafaa: miligramu 3 hadi 5 kwa siku, asubuhi. Uwiano wa kukumbuka ni kwamba haidrokotisoni 20, prednisoloni 5 na deksamethasoni 0.75 zinakaribiana nguvu. Deksamethasoni haifai kwa matumizi ya kila siku. Ni kali mno, dozi ndogo haipimiki vizuri, na haishikilii chumvi hata kidogo.

Mwenye tezi zilizoharibika anahitaji pia fludrokotisoni, mikrogramu 50 hadi 100 asubuhi, na mahali penye joto la jasho jingi hadi 200. Haidrokotisoni yenyewe hushikilia chumvi kiasi, prednisoloni huishikilia kwa kiasi pungufu ya hapo. Kwa hiyo anayetumia prednisoloni bila fludrokotisoni ndiye anayebaki na kizunguzungu na miguu mizito. Fludrokotisoni iagizwe kupitia hospitali ya rufaa, na wakati inasubiriwa mgonjwa asinyimwe chumvi. Ushauri wa kupunguza chumvi unaotolewa kwa kila mtu haumhusu huyu.

Hakuna kipimo cha damu kinachosema dozi ya kotisoli imetosha. Anayetazamwa ni mtu: uzito, nguvu, presha akiwa amelala na baada ya kusimama dakika 3, sodiamu na potasiamu. Presha ikishuka kwa 20 anaposimama, chumvi haitoshi. Miguu ikivimba na presha ikipanda, fludrokotisoni imezidi. Uso ukijaa, sukari ikipanda, michubuko ikitokea bila kugongwa, steroidi imezidi.

Siku ya ugonjwa, dozi hupanda

Hapa ndipo watu hufia, na hufa kwa kosa linaloeleweka. Mtu akiugua hupoteza hamu ya kula, anaogopa kuzidisha dawa, anaacha vidonge vyake hadi malaria iishe. Tezi nzima ingefanya kinyume: wakati wa homa kali mwili huongeza kotisoli maradufu na zaidi. Asiye na tezi lazima aiongeze kwa mkono wake.

Homa ya nyuzi 38 na kuendelea, dozi ni mara mbili. Ikipita 39, mara tatu. Aliyekuwa kwenye 10, 5 na 5 anahamia 20, 10 na 10, hadi homa iishe kwa siku moja au mbili, kisha anarudi moja kwa moja kwenye dozi yake ya kawaida. Anayetumia prednisoloni 5 kwa siku humeza 5 asubuhi na 5 jioni. Fludrokotisoni haiongezwi. Kung'oa jino kunahitaji dozi ya ziada saa moja kabla, na maradufu siku hiyo. Huzuni kubwa ya msiba au ajali navyo vinahesabika. Mafua madogo bila homa hayahitaji chochote, na anayeongeza dozi kila anapojisikia vibaya atanenepa na kupata kisukari bila faida.

Kutapika ndiko kunakobadilisha kila kitu, kwa sababu kidonge kilichotapikwa hakijafanya kazi. Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, arudie dozi maradufu. Akitapika tena, asijaribu mara ya tatu. Ni wakati wa sindano: haidrokotisoni miligramu 100 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtoto wa chini ya mwaka 1 huchomwa 25, wa mwaka 1 hadi 5 huchomwa 50, na kuanzia miaka 6 ni 100. Kuhara kwingi kwa maji kunatendewa vivyo hivyo. Baada ya sindano safari ya hospitali inaanza. Sindano imenunua muda tu.

Sindano hiyo ni kichupa cha unga wa haidrokotisoni sodiamu saksineti miligramu 100, dawa ambayo hospitali na maduka mengi ya dawa huwa nayo kwa ajili ya pumu. Unga huyeyushwa kwa mililita 2 za maji ya sindano, kichupa hutikiswa hadi maji yawe maangavu, dawa huvutwa na kuchomwa papo hapo. Soma lebo. Ipo haidrokotisoni aseteti ya kuchoma kwenye viungo, yenye maji meupe kama maziwa. Hiyo hufyonzwa polepole na haifai kwa dharura. Mgonjwa awe na vichupa viwili nyumbani, mabomba ya sindano na maji yake, mahali pakavu pasipo joto kali, na angalau watu wawili wa nyumba hiyo wawe wamefundishwa na muuguzi. Anayeishi saa tatu kutoka hospitali anahitaji hivyo kuliko yule wa mjini.

Mgonjwa akishafika wodini

Kama damu ya kotisoli na ACTH inaweza kuchukuliwa mara moja, ichukuliwe. Kama haiwezekani, tiba isisubiri hata dakika tano. Haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa, kisha 50 kila baada ya saa 6, au 200 ndani ya dripu kwa saa 24. Dripu la chumvi la asilimia 0.9, lita 1 katika saa ya kwanza, na kuendelea kadiri presha na moyo vinavyoruhusu. Mtoto hupewa mililita 20 kwa kila kilo. Sukari ipimwe kidoleni na irekebishwe. Dripu la sukari peke yake huishusha sodiamu zaidi, kwa hiyo dextrose iende pamoja na chumvi.

Sodiamu ipande taratibu, isizidi milimoli 10 kwa lita ndani ya saa 24. Kotisoli ikirudi, figo huanza kumwaga maji kwa kasi, na sodiamu inaweza kurukia juu hata bila dripu nzito. Kupanda ghafla kunaweza kuujeruhi ubongo.

Haidrokotisoni ikiwa haipo kabisa, deksamethasoni miligramu 4 kwenye mshipa ni afadhali kuliko kusubiri. Fludrokotisoni haihitajiki mgonjwa anapopata haidrokotisoni zaidi ya 50 kwa siku. Na kilichomwangusha kitafutwe: malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, au vidonge vilivyoisha.

Rifampisini, ujauzito na mfungo

Rifampisini huiamsha ini ivunje kotisoli haraka. Mgonjwa ambaye kifua kikuu kimezila tezi zake nusu anaweza kuwa anajikongoja, akaanza dawa za kifua kikuu, na wiki chache baadaye akaporomoka. Watu husema dawa za TB zimemshinda. Mara nyingine kilichomshinda ni kukosa kotisoli. Anayejulikana kuwa na upungufu huongezewa haidrokotisoni, mara nyingi hadi maradufu, kwa muda wote wa rifampisini. Karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni za kifafa hufanya vilevile. Flukonazoli ya dozi kubwa kwa fangasi wa ubongo hupunguza utengenezaji wenyewe wa kotisoli.

Mjamzito huongezewa haidrokotisoni kwa asilimia 20 hadi 40 katika miezi mitatu ya mwisho. Uchungu ukikomaa anachomwa 100, kisha 200 kwa saa 24. Mgonjwa wa upasuaji hupewa hivyo hivyo anapolazwa usingizi. Daktari wa usingizi aambiwe mapema.

Ramadhani ina ugumu wake. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki mfungo huchukua takriban saa 13, na haidrokotisoni ya daku haifiki magharibi. Wenye upungufu mwepesi wanaotaka kufunga hupimwa wiki kadhaa kabla. Daktari anaweza kuwahamishia kwenye prednisoloni 5 wakati wa daku, na fludrokotisoni pamoja nayo. Homa, kutapika au kizunguzungu vikija, mfungo unafunguliwa papo hapo kwa maji, chumvi na dawa. Mtoto, mjamzito, na aliyelazwa kwa dharura ya adrenali miezi ya karibuni wasifunge. Dini imewapa ruhusa, na sisi tunawasihi waitumie.

Kuishusha prednisoloni bila kuanguka

Aliyetumia chini ya wiki 3 hadi 4 kwa kawaida anaweza kuacha bila ngazi. Zaidi ya hapo, na ugonjwa uliokuwa ukitibiwa ukiwa umetulia, kutoka 40 hadi 20 hushushwa 5 kila wiki. Kutoka 20 hadi 10, hushushwa 2.5 kila wiki 1 hadi 4. Kutoka 10 kwenda 5 ni polepole zaidi, 1 kwa 1 inapowezekana. Vidonge vya miligramu 1 ni adimu, kwa hiyo wengi hukata cha 5 katikati na kupishanisha siku: 7.5 leo, 5 kesho. Kwenye 5 mtu hutulia, na kotisoli ya asubuhi hupimwa. Ikizidi nanomoli 300 anaweza kuacha. Ikiwa chini ya 150 anaendelea na 5 na kupimwa tena baada ya miezi michache. Katikati, anaendelea na kupimwa baada ya wiki kadhaa. Maumivu ya viungo na uchovu wakati wa kushuka ni vya kawaida. Kutapika na presha kushuka si vya kawaida.

Aliyetumia mkorogo au dawa ya kunenepa kwa miezi asiache usiku mmoja kwa aibu. Aende hospitali na chupa au kopo lenyewe, hata kama lebo imebanduka, na aseme amelitumia kwa muda gani. Steroidi yake itabadilishwa kuwa kidonge kinachojulikana, kisha kishushwe.

Kila mmoja wa wagonjwa hawa abebe kadi, ndani ya pochi na kwenye picha ya mbele ya simu, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, maana anayeisoma usiku wa dharura anaweza kuwa dereva wa bodaboda au daktari mgeni. Maneno yanatosha haya: "Nina upungufu wa homoni za adrenali. Natumia steroidi kila siku, zisisimamishwe. Nikitapika, nikizimia au nikiumia sana, nichomwe haidrokotisoni miligramu 100 kwenye msuli au mshipa SASA, kisha niwekewe dripu la chumvi. Usisubiri majibu ya vipimo." Chini yake jina, dozi ya kila siku na namba ya simu ya ndugu anayejua kichupa cha sindano kimewekwa wapi.